Shule ndogo nyuma ya soko: Mzazi aangalie nini kabla ya kuandikisha mtoto?

Mama mmoja mkazi wa Magomeni, Dar es Salaam, fundi cherehani, ana mtoto wa kike anayetimiza miaka sita. Mtoto anatakiwa kuanza darasa la kwanza Januari. Kuna mambo mawili yanamnyima mama huyo usingizi. La kwanza ni pesa, kwa sababu yeye na mumewe, ambaye ni fundi friji, kipato chao hakina tarehe. La pili ni pumu. Mtoto ameshalazwa mara mbili mwaka huu, na mara zote mbili walitoka nyumbani usiku na bajaji ya jirani.

Dakika tano kwa mguu kutoka nyumbani kwao ipo shule ya msingi ya serikali. Ni ndogo, imejificha nyuma ya soko, ina mkondo mmoja kwa kila darasa na wanafunzi wanaokaribia 310, pamoja na wa awali. Wapita njia wengi hawajui kama ipo mpaka kengele igongwe.

Mama alipomtajia wifi yake kwamba anafikiria kumpeleka mtoto pale, jibu lilikuja haraka. "Wifi, mtoto mmoja mliye naye ndiyo unampeleka Kayumba?"

Neno hilo lina nguvu mjini. Kayumba ni jina la utani la shule zote za msingi za serikali, nzuri na mbaya, kana kwamba ni shule moja. Mzazi akishalisikia, mara nyingi haendi tena kuangalia. Anakopa kwenye kikoba, analipa awamu ya kwanza ya ada ya shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, na mwezi wa tano anaanza kukimbia simu za mhasibu.

Mama huyu aliamua kwenda kuangalia, akaenda mara tatu.

Hilo la mara tatu ni la kuiga. Mzazi akitembelea shule mara moja tu, tena asubuhi saa mbili, anaiona ikiwa imefagiliwa, watoto wamepanga mstari na mwalimu wa zamu yuko getini. Shule zote zinafanana saa mbili asubuhi. Tofauti huonekana saa nne na nusu, baada ya mapumziko, vyoo vinapokuwa vimetumika na uji umekwisha. Huonekana pia saa sita mchana, watoto wadogo wanapotoka na magari yanapita.

Utaratibu wenyewe hauna kificho. Mzazi anaripoti ofisini, anasaini kitabu cha wageni na kueleza shida yake. Mama huyu alipoingia alisalimia, "Shikamoo mwalimu." Mwalimu mkuu, mwanamke wa makamo, akaitikia, "Marahaba mama, karibu ukae. Ni uhamisho au kuandikisha?" Alipoambiwa kwamba mgeni anataka kwanza kuiona shule, alicheka kidogo. Wazazi wengi, alisema, huja Januari wakiwa na mtoto mkononi na begi mgongoni, na swali lao ni moja tu: nafasi ipo?

Nafasi kwa kawaida ipo. Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza huanza Oktoba, na hauna malipo. Cheti cha kuzaliwa kinahitajika, kwa hiyo mzazi ambaye bado hajaenda RITA asisubiri Desemba. Mtoto akishaandikishwa anapewa namba ya PReM, inayomfuata hata akihama shule. Itunzwe kama kadi ya kliniki.

Swali gumu zaidi ni je, shule ndogo ni bora?

Watu huamini hivyo bila kufikiri sana. Dar es Salaam imejaa shule zilizogawanywa kuwa A na B ndani ya uwanja mmoja, shule ambazo watoto huingia kwa mikupuo miwili, wengine asubuhi na wengine mchana, na darasa moja linapita watoto 100. Ukitoka huko ukaingia kwenye shule ya wanafunzi 310, unajiona umefika peponi. Kila mtoto ana pa kukaa. Mwalimu wa darasa la kwanza anawaita watoto kwa majina bila kuangalia daftari la mahudhurio.

Lakini udogo una gharama yake, na gharama hiyo imejificha kwenye hesabu.

Chukua walimu. Kiwango kinachotakiwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Shule hii ina walimu tisa. Gawanya 310 kwa tisa unapata 34, hesabu nzuri kuliko kiwango. Mzazi akiishia hapo ataondoka anatabasamu. Ila shule ina madarasa manane, kuanzia awali hadi la saba, na kila saa kila darasa linahitaji mtu mbele yake. Walimu tisa kwa madarasa manane maana yake mmoja akiwa likizo ya uzazi, mwingine akaitwa semina na wa tatu akaugua malaria, kuna madarasa mawili yatakayobaki na kiranja na ubao. Kwenye shule ya walimu 30 pengo la watatu linazibwa. Hapa linaonekana siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwalimu mkuu si "mna walimu wangapi" peke yake. Ni "leo wapo wangapi, na mwalimu wa darasa la kwanza asipokuja nani anaingia?" Mwalimu mkuu wa shule ile alijibu bila kuzunguka. Siku ile walikuwepo saba. Darasa la kwanza na la pili halikai bila mwalimu hata iweje, alisema, kwa sababu mtoto akikosa kujua kusoma hapo, darasa la tano hawezi kufundishwa chochote. Anapokosekana mtu, anaingia yeye mwenyewe. Jibu la namna hiyo linaonyesha shule imeshafikiria tatizo kabla ya kuulizwa. Anayejibu "hatuna tatizo hilo" ndiye wa kutilia shaka.

Halafu kuna pesa. Tangu Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, shule za msingi za serikali hazitozi ada. Badala yake Serikali hutoa ruzuku ya Sh10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, Sh6,000 hupelekwa shuleni na Sh4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu vinavyonunuliwa kwa pamoja. Zidisha Sh6,000 kwa wanafunzi 310: ni Sh1,860,000 kwa mwaka mzima, yaani Sh155,000 kwa mwezi. Humo zitoke chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo na mengine yote. Shule yenye wanafunzi 2,000 inapata zaidi ya mara sita ya hapo, wakati geti lake ni moja, mlinzi wake anaweza kuwa mmoja na bomba likipasuka fundi ni yule yule.

Ndiyo maana mzazi wa shule ndogo ajiandae kusikia habari za mchango wa mlinzi, wa maji, wa uji. Michango hiyo ni ya hiari na inatakiwa ipitishwe na wazazi wenyewe kwenye mkutano. Walimu hawatakiwi kuwa wakusanyaji, na mtoto hatakiwi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa. Mzazi aulize inakusanywa na nani, anayeshindwa anafanyiwaje, na risiti ziko wapi. Aangalie na ubao wa matangazo. Shule inayoheshimu wazazi hubandika pale kiasi cha ruzuku kilichoingia na kilivyotumika. Karatasi ikiwa ya mwaka juzi na imepauka kwa jua, hilo nalo ni jibu.

Kwenye ubao wa shule ile karatasi ilikuwa ya robo mwaka iliyopita. Si mbaya.

Mume wa mama huyu yeye alishikilia matokeo. Jioni alikaa na simu akafungua tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania, ambako matokeo ya darasa la nne na la saba huwekwa kwa kila shule. Akaona mwaka mmoja ufaulu uko juu, mwaka uliofuata umeanguka. "Unaona?" akamwambia mkewe. "Hawa wanayumba."

Hapo ndipo shule ndogo huonewa. Darasa la saba lenye watahiniwa 34, wakifeli watatu, ufaulu ni asilimia 91. Mwaka unaofuata wakifeli saba, ni asilimia 79. Tofauti ni watoto wanne. Pengine wawili walihamia katikati ya mwaka, mmoja alifiwa na mzazi, mwingine aliugua. Kwenye shule yenye watahiniwa 300, watoto wanne hawatikisi chochote. Mzazi anayetazama shule ndogo atazame miaka minne au mitano kwa pamoja, na asiishie kwenye daraja la jumla. Mtihani wa darasa la saba una masomo sita ya alama 50 kila moja, jumla 300. Aangalie wastani wa shule kati ya hizo 300, kisha aone ni wangapi wamepata A na B na wangapi wamening'inia kwenye C. Kama Hisabati na Kiingereza vinadorora kila mwaka bila kupanda, hiyo si bahati mbaya ya watoto wanne.

Hesabu nyingine ambayo wazazi huisahau: walioanza walikuwa wangapi? Shule inaweza kufaulisha wote kwa sababu waliokuwa wanasuasua hawakufika darasa la saba. Linganisha idadi ya waliofanya mtihani wa darasa la nne na waliofanya wa darasa la saba miaka mitatu baadaye. Wakipungua wengi, uliza walikwenda wapi.

Kuhusu "shule bora kitaifa", mzazi asihangaike. Tangu 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha za shule na wanafunzi bora, na hakuna mtoto aliyepungukiwa kitu. Kipimo kizuri zaidi cha mtoto wa miaka sita kiko darasa la tatu. Omba kukaa nyuma ya darasa hilo dakika 20 na usikilize watoto wakisoma kwa sauti. Tathmini za Uwezo, zilizoanza nchini mwaka 2010, zilitumia hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili na mara kwa mara zikaonyesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu haiwezekani kwao kuimaliza. Mzazi ana haki ya kusikia kwa masikio yake kama hii ni shule ya namna hiyo. Pale nyuma ya soko, wengi walisoma vizuri. Wawili walikuwa wanakariri kwa kumfuata jirani, na mwalimu alilijua hilo kabla ya mgeni kuligundua. Aliwahamishia mbele.

Lugha ni mjadala wa peke yake, na wifi hakuuacha. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, isipokuwa chache zenye mchepuo wa Kiingereza ambazo wazazi huchangia, kama Olympio na Diamond za Upanga. Kwa mtaala mpya ulioanza 2024, Kiingereza kinafundishwa kama somo kuanzia darasa la kwanza. Ni kweli kwamba sekondari mtoto atakutana na Kiingereza kila somo, na wanaohofia hilo wana sababu. Lakini mtoto anayejifunza herufi kwa lugha anayoizungumza nyumbani hujua kusoma haraka zaidi, na anayejua kusoma ana pa kuanzia. Kununua kitabu cha hadithi cha Kiingereza kila mwezi na kumsomea mtoto ni nafuu kuliko ada. Mtaala huo huo umepunguza elimu ya msingi kuwa miaka sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba watahitimu pamoja. Mzazi anayeandikisha sasa apange bajeti ya sekondari mwaka mmoja mapema.

Yote hayo kwa mama wa mtoto mwenye pumu yalikuwa ya pili. La kwanza kwake lilikuwa hewa, maji na nani atamwona mtoto anapohema.

Alianza na vyoo. Kiwango kinachotakiwa ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 160 na wavulana 150 inahitaji matundu manane na sita. Pale palikuwa na matundu kumi, na mawili kati ya hayo yalifungwa kwa kufuli. Ufunguo ulikuwa kwa walimu. Kwa hiyo kumi ni manane, na manane ni kidogo. Mzazi asihesabu milango, ahesabu milango inayofunguka. Kisha aguse komeo kwa ndani. Mtoto wa kike akikuta choo hakifungi, anajizuia mpaka arudi nyumbani, na kujizuia huko kila siku humletea maambukizi ya njia ya mkojo na choo kigumu. Huacha hata kunywa maji ili asihitaji kwenda. Mama anaweza kuhangaika na dawa miezi mitatu bila kujua kwamba ugonjwa umeanzia kwenye komeo.

Maji yalikuwepo, bomba na tanki moja, na ndoo mbili zenye koki mbele ya vyoo. Sabuni haikuwepo. Mwalimu wa afya alisema huwa ipo wiki za mwanzo wa muhula. Kwa wasichana wakubwa kilikuwepo chumba cha kujihifadhi, kidogo, kina ndoo yenye mfuniko na kanga ukutani. Mtoto wa miaka sita hakihitaji leo, lakini atakihitaji akiwa bado hapo hapo. Mzazi aulize pia kama chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, inayotolewa kwa wasichana wa miaka tisa hadi 14, na dawa za minyoo huwafikia watoto pale shuleni, na kama wazazi hupewa taarifa mapema. Shule inayotuma taarifa mapema kuhusu chanjo kwa kawaida hutuma taarifa mapema kuhusu mambo mengine.

Siku ya pili, saa nne na robo, ndipo mama alipokuta kitu ambacho hakukiona siku ya kwanza. Jiko la uji.

Lilikuwa banda la mabati upande wa mashariki, sufuria moja kubwa juu ya mafiga, kuni mbichi. Upepo ulikuwa unatoka baharini, kama kawaida ya Dar es Salaam muda huo, na moshi wote ulikuwa unaingia madirisha ya chumba cha kwanza. Chumba cha kwanza ndicho cha darasa la kwanza. Watoto wawili walikuwa wanakohoa na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu wameshazoea.

Uji wenyewe ni jambo jema. Mwongozo wa Serikali wa 2021 kuhusu chakula na lishe shuleni unawataka wazazi na shule wahakikishe mtoto anakula akiwa masomoni, na mtoto aliyetoka nyumbani na chai ya rangi hawezi kufika saa sita na akili zake. Lakini moshi wa kuni ni miongoni mwa vichochezi vikubwa vya pumu. Hupunguza upana wa njia za hewa kwa mtoto ambaye njia zake tayari ni nyembamba. Serikali ilishaagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, kwa muda uliowekwa wa Januari 2024. Shule ya Sh155,000 kwa mwezi imelisikia agizo hilo. Mtungi na jiko ndivyo ilivyokosa.

Mama alitoka pale akaenda kukaa kwenye benchi la muuza chipsi nje ya geti. Alimpigia mumewe akamwambia, "Baba, nadhani tuangalie ile nyingine."

Ile nyingine waliiangalia. Ni shule binafsi, vyoo vina vigae, jiko ni la gesi. Basi lake hupita Magomeni saa 11:20 alfajiri kuchukua watoto, kisha linazunguka mitaa mingine minne kabla ya kufika. Jioni mtoto anarudi saa 11. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza mtoto wa miaka sita hadi 12 alale saa tisa hadi 12 kila siku. Ili aamke saa 10:45 alfajiri akiwa amelala saa tisa na nusu, lazima awe kitandani saa moja na robo usiku, yaani saa mbili na robo tu baada ya kushuka kwenye basi, na hapo aoge, ale na afanye kazi ya nyumbani. Nyumba za Magomeni hazilali saa moja. Na mtoto mwenye pumu hali yake huwa mbaya zaidi usiku wa manane na alfajiri, wakati ule ule ambao angekuwa anasubiri basi kwenye baridi na moshi wa magari.

Baba ndiye aliyeuliza swali lililobadilisha mazungumzo. Akipatwa shuleni kule, nani anafika kwanza? Kutoka kwenye cherehani ya mama hadi shule ya nyuma ya soko ni dakika nne. Hadi ile ya mbali ni saa nzima na foleni.

Umbali mfupi una faida nyingine, na ni kubwa kuliko wazazi wanavyodhani. Mtoto wa shule ile havuki Barabara ya Morogoro. Hagombani na konda wa daladala anayekataa nauli ya mwanafunzi ya Sh200. Ajali za barabarani ni hatari halisi kwa watoto wa shule wa jiji hili, kiasi kwamba mradi wa kuweka njia za waenda kwa miguu, matuta na nguzo kuzunguka shule za Dar es Salaam, unaoendeshwa na shirika la Amend, ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019. Kazi zake nyingine zilikuwa ndogo tu, mfano kuhamishia geti la shule upande wenye magari machache. Mzazi asimame getini saa sita mchana aone watoto wanatokea wapi na nani anawavusha. Pale palikuwa na bodaboda watano na mwalimu mmoja mwenye filimbi. Bodaboda walimtii.

Siku ya tatu walikwenda wote wawili. Safari hii mama alibeba pampu ya bluu ya mtoto na karatasi ya daktari.

Alimwambia mwalimu mkuu habari za moshi, kwa adabu lakini bila kupunguza neno. Mwalimu mkuu hakukasirika. Alinyanyuka, akawapeleka hadi chumba cha mwisho, upande wa mwembe, ambako darasa la tano wanasoma. Akasema wanaweza kubadilishana. Angezungumza na walimu wawili tu, na ubao wa chini wa watoto wadogo unahamishika. Shule kubwa yenye mikondo minne na mikupuo miwili, jambo hilo lingehitaji kikao na ratiba mpya. Hapa lilihitaji watu watatu waliosimama kwenye kibaraza.

Kisha wakazungumza na mwalimu wa darasa la kwanza. Mama alimwonyesha dalili: mtoto anapandisha mabega, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, anashindwa kumaliza sentensi. Alimwonyesha namna ya kutumia pampu kwa kopo la kuvutia, ambalo lao limetengenezwa kwa chupa ya plastiki ya nusu lita kama walivyoelekezwa hospitali. Chupa hiyo si ushirikina wa mtaani. Watafiti wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 1999 kwamba ikitengenezwa vizuri humsaidia mtoto sawa na kifaa cha kununua. Walikubaliana pampu ikae kwenye droo ya meza ya mwalimu, si kwenye kabati la ofisini lenye kufuli. Karatasi yenye namba tatu za simu ikabandikwa ndani ya jalada la daftari la mahudhurio, ili hata mwalimu mgeni aikute. Na asipate nafuu baada ya dawa, asisubiriwe mzazi. Bajaji moja kwa moja hospitali.

Baba alikuwa na la mwisho, na alilisema huku anaangalia fimbo iliyoegeshwa kando ya mlango. Aliuliza kuhusu viboko. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu visivyozidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Mwalimu wa darasa la kwanza alisema hachapi watoto wa miaka sita. Fimbo ni ya kuonyeshea ubaoni. Baba aliitazama tena. Ni ndefu kweli, na ilikuwa na vumbi la chaki kwenye ncha. Alikubali, ingawa nyumbani alimwambia mkewe kwamba atakuwa anapita pale bila taarifa, na mkewe akamwambia hilo ndilo la maana zaidi alilosema wiki nzima.

Walimwandikisha Oktoba, siku ya Jumanne. Wifi alinuna, kisha akanunua begi.

Suala la jiko halijaisha. Baba amezunguka maduka ya Kariakoo akaleta bei ya jiko la gesi la sufuria kubwa na mtungi wake, na mwenyekiti wa kamati ya shule amemwomba aje aieleze mwenyewe kwenye mkutano wa wazazi wiki ya pili ya Januari. Akinamama wawili wa soko wameshasema watachangia. Mmoja hana mtoto pale, ila moshi ule ule unamfikia kwenye genge lake la nyanya. Mpaka hapo darasa la kwanza watasomea upande wa mwembe, na darasa la tano wameahidiwa kwamba wataruhusiwa kutoka nje kila uji unapopikwa.